Usingizi Mwema

Jezi zilikuja kwangu Ng'ambo ndani ya gunia la chumvi,
hamsini na mbili, za timu nne tu,
maana mwenye duka la magodoro alishapiga hesabu:
timu nane, mashindano ya mtoano,
wa Jumamosi wakivua, wa Jumapili wavae.
"Jasho halina jina," akaniambia. "Wewe andika la kwangu."
Nikalishona kifuani, herufi za kitambaa chekundu:
MAGODORO USINGIZI MWEMA.

Mwezi wa sita, soko la tumbaku limefunguliwa,
uwanja nyuma ya maghala unanuka majani makavu.
Raga sikuijua. Nilidhani mpira umebanwa na mlango.
Alinifundisha Nkwabi, mpakia mizigo,
siku amesimama kizingitini nimtilie kiraka begani:
"Mayu, pasi inakwenda nyuma, mtu anakwenda mbele.
Wakikuangusha mara sita, mpira unawapa wenzako."
Nikamwambia, mimi nimeangushwa zaidi ya sita
na cherehani sijampa mtu.

Msimu wote niliusoma kwa kuchanika.
Kola ikija imeng'oka, najua Kanyenye walikabwa shingoni
refa akiangalia treni.
Migongo ya Ipuli ilikuja na changarawe,
nikazitoa kwa sindano, moja moja,
kama anayechambua mchele wa wageni.
Sikonge walifika juu ya lori la mbao,
wakafungwa kabla vumbi la safari halijawatoka,
wakavua palepale, wakarudi vifua wazi
wakiimba kuliko walioshinda.
Urambo walikataa kuvua.
Katibu aliwafukuza kwa baiskeli hadi stendi,
akarudi na jezi kumi na mbili.
Namba nne, nasikia, iko shambani huko,
imevalishwa sanamu, inafukuza ndege kwenye mtama.

Na tulicheka, nisiseme uongo:
kijana amelala chali, pumzi imemtoka,
kifuani ameandikwa usingizi mwema.

Nusu fainali, Kitete na Cheyo,
hakucheka mtu.
Nkwabi aliangukia bega lilelile.
Tulio upande wa kibendera tuliusikia mfupa,
kijiti kikavu mkononi mwa anayewasha moto.
Muuguzi akaomba mkasi.
Mkasi ulikuwa wangu.
Nikakata kutoka shingoni hadi kwapani
mshono nilioushona mwenyewe mara tatu,
naye meno yamekazana:
"Taratibu, mayu. Hiyo namba yangu."

Fainali walicheza bila yeye.
Kitete ishirini na mbili, Isevya ishirini,
na teke la mwisho la Isevya likagonga mwamba
likarudi uwanjani kama mtoto aliyesahau alichotumwa.
Zawadi ilikuwa magodoro kumi na matatu.
Yakaja tisa.
Mengine, alisema mwenye duka, yako njiani,
na akatazama saa.
Wakayatwika yale tisa vichwani,
na mvua ya kwanza ya Novemba
haikuuliza nani bingwa.
Walipofika kwa Nkwabi, mkono wake umening'inia kwenye kanga ya dada yake,
godoro alilopewa lilibebwa na watu wanne,
zito kama ndama aliyekufa.
Likakaa juu ya paa wiki mbili.
Hata sasa, anasema, akigeuka usiku linanuka mvua.

Mwaka huu kombe ni la mafuta ya alizeti.
Nafumua herufi za zamani kwa wembe,
kifua baada ya kifua,
na uking'ang'aniza kitambaa juani
matundu ya sindano bado yanasomeka.
Nkwabi hachezi tena; anashika kibendera, kwa mkono wa kushoto.
Jana alipita na nusu chupa ya asali,
deni la kiraka kile.
Akaangalia rundo, akahesabu kwa macho, hakuuliza.

Katibu yeye aliuliza: namba tisa iko wapi?
Nikasema, labda Urambo,
wana ndege wengi kule.